Dakika ya Kimya Iliyoharibika

Mwanamke aliyesimama mlangoni sikuwahi kumwona. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni, na mikononi amelaza joho jekundu kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nami nilikuwa peke yangu ofisini nikisahihisha kazi za mwaka wa kwanza.

"Hodi. Hapa ndipo kwa profesa wa habari?"

"Karibu, dada. Ndipo, ila yuko darasani. Hilo ni joho lake, sivyo? Nipe nilitundike."

Hakunipa. Alilisogeza kifuani.

"Kwa kawaida tunamtuma mtu alete. Leo nimekuja mwenyewe. Pindo nimelipunguza, liko tayari, na nitaliacha. Lakini kwanza nina swali, na swali lenyewe lina miaka ishirini na tatu."

Nikamvutia kiti. Ofisi yetu ni nyembamba, ina meza mbili zinazotazamana, dirisha moja linalokwama, na ukuta mzima wa maboksi ya viatu. Kila anayeingia mara ya kwanza huuliza profesa ana jozi ngapi. Yeye hakuuliza. Alikaa, akaanza kusimulia kama mtu aliyerudia maneno hayo njia nzima.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, yule unayempigia naye anakuunganisha na wodi. Kila siku akitoka shule, mtoto alipita duka la jirani akapiga simu hospitali. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kumsikia mama akisema, "Hospitali hapa, nikuunganishe na nani?" ili yeye ajibu, "Na mama."

Kisha siku moja watu wa televisheni wakaenda kumrekodi mama kazini. Jioni alirudi nyumbani na poda usoni, akakataa kunawa.

"Mtayarishaji alikuwa mwanamke mrefu, ana mwanya hapa mbele. Alimwahidi mama kwamba atamletea mkanda wa mahojiano yake yote, kwa mkono wake mwenyewe. Tukangoja. Mama alifua hadi mapazia." Akatabasamu kidogo. "Wiki iliyopita nimeletewa joho nipunguze. Jina lake liko hapa, limebandikwa kwa pini."

Nilitamani profesa aingie, na papo hapo nikatamani asiingie.

"Miaka minane iliyopita mama aliugua koo," akaendelea. "Wakamtoa zoloto, kile kisanduku cha sauti. Alipona, tunashukuru, anatembea, anapika, anagombana na mimi kwa kuandika kwenye daftari. Ijumaa saa tano na nusu anapanda basi kwenda kukaa kwa kaka yangu, safari ya siku mbili. Swali langu ni hilo tu: mkanda uko wapi? Sikuja kulaumu mtu. Mama mwenyewe ameshasahau. Ni mimi. Zamani nilikuwa nikifumba macho namsikia akiniita. Siku hizi nikijaribu, nasikia sauti yangu mwenyewe ikijifanya mama."

Mimi machozi yangu yako karibu. Rafiki zangu hunitania kwamba nalia hata kwenye tangazo la sabuni. Kabla sijajizuia, nikasema, "Ijumaa, kabla mama hajaondoka, mkanda utakuwa mkononi mwake. Nakuahidi."

"Usiniahidi kwa huruma, mdogo wangu."

"Nakuahidi kweli."

Aliniangalia kama anayekadiria kitambaa kama kitatosha. Kisha akaliacha joho kitini, akaandika namba yake na mtaa wao nyuma ya bahasha, akaenda zake.

Wanafunzi humwita profesa wetu Mama Kimya, naye anajua. Kazi ya kwanza anayompa kila mwanafunzi ni kwenda mahali popote, kuwaomba watu wanyamaze, na kurekodi dakika moja ya kimya. Katika filamu, kimya hicho ndicho kinachoziba nyufa wakati wa kuhariri, na hakiazimiki: kimya cha jikoni hakifanani na kimya cha benki. Mimi, nilipokuwa mwaka wa kwanza, nilirekodi kimya cha ngazi za bweni. Nilikuwa nimefika chuoni bila hakika kama ninafaa kwa lolote. Alisikiliza dakika yangu yote akiwa amefumba macho, akasema, "Una masikio. Mengine tutafundishana." Nimehitimu, nimekuwa msaidizi wake, na bado sijapata sifa iliyonikaa mwilini kama ile.

Aliporudi kutoka darasani nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alikaa chini taratibu, juu ya joho.

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

"Kwa mdomo huo huo unaolia chakula?"

"Huo huo, Profesa."

"Mdomo uliponza kichwa. Haya, niambie, kanuni yetu ya kwanza ni ipi?"

"Mwenye sura aone kwanza."

"Ya pili?"

Nikainamisha kichwa. "Usimwahidi kitu mtu unayemrekodi."

"Unafikiri hiyo ya pili niliiota?" Akavua miwani. "Niliitunga kwa sababu ya opereta huyo huyo."

Habari za kazi yake nilizijua kwa vipande, kama tunavyozijua za wazazi wetu. Siku ile ndipo aliponipa kitambaa kizima. Aliingia televisheni akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake kubeba nyaya. Akapanda hadi kushika kipaza sauti, akahariri, mwishowe akawa mtayarishaji wa filamu za maisha ya watu wa kweli. Kila alipomaliza filamu, kabla haijarushwa hewani, alibeba televisheni ndogo hadi kwa wale waliomo ndani yake wajitazame kwanza. Aliona ni aibu mtu asimuliwe sura yake na jirani. Wakubwa wake walimcheka: "Wewe unatengeneza filamu au unaomba radhi?" Naye akajibu, "Vyote viwili, bosi."

Filamu yenye opereta ilihusu watu ambao kazi yao ni sauti tu. Ratiba ikabadilishwa, ikatakiwa wiki nzima kabla. Mahojiano ya dakika arobaini yakawa sekunde kumi na mbili, na nafasi ya kumwonyesha mwenyewe haikupatikana. Ili kumpoza, akamwahidi mkanda wote. Akasafiri kikazi wiki mbili. Aliporudi, mkanda ulikuwa umerekodiwa juu yake mashindano ya kuogelea, na filamu yenyewe nayo ilikuwa imefutwa baada ya kurushwa. Mikanda ilikuwa michache, ilitumika tena na tena, na hakuna aliyeona ajabu.

"Nilikaa mbele ya mashine nikiutafuta uso wa yule mama, nikaona watu wanaruka majini. Wanaruka tu. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kumwambia. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Mwaka uliofuata nikaacha kazi nikaja kufundisha. Watu wananisifu kwamba niliacha televisheni kwa kupenda elimu. Niliacha kwa aibu, mwanangu. Elimu ilinikuta njiani, ikanipokea mizigo."

"Kwa hiyo hakuna kitu," nikasema. Akilini nilimwona mshonaji akiwa amesimama dirishani Ijumaa, akinisubiri.

"Mahojiano hakuna." Aligeuka kutazama maboksi ya viatu. "Lakini nilipoondoka niliwaomba kitu kimoja tu. Niliwaomba kimya changu. Wakacheka hadi wakakohoa, wakanipa chote."

Maboksi yale yalikuwa na kaseti ndogo za sauti, mia mbili na kumi na nne, za aina ambayo haitengenezwi tena na haichezi kwenye redio ya kawaida. Miaka ishirini ya dakika moja moja. Tulipekua kila tulipopata nafasi kati ya vipindi, vumbi likitupigisha chafya. "Kimya cha kiwanda cha matofali, siku ya mapumziko." "Kimya cha lifti." "Kimya cha chumba cha mtoto, mtoto kalala." Kila kaseti aliishika kidogo kabla ya kuirudisha, nami nikafikiri, huyu mtu amepita katika vyumba vya watu wote hawa akawaomba radhi kwa kuingia.

Jumatano mchana nikasoma kwa sauti: "Hospitali, chumba cha simu. Imeharibika. Opereta kapokea simu."

Profesa akacheka, kisha akaziba mdomo.

"Nilimnunia! Nikamwambia, dada, dakika moja tu, iache ilie. Akanijibu, hapa ni hospitali, simu hailii kwa kujifurahisha. Akapokea. Nikarekodi nyingine, hii nikaiandika imeharibika." Akaigeuza kaseti. "Sikumbuki alisema nini. Mungu wangu, huenda alisema 'halo' tu."

Mashine ya kuichezea alikuwa nayo, ila mpira wake wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Fundi redio wa nyuma ya soko, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini, aliichungulia akaguna.

"Mpira nitaukata kwa mkono. Ijumaa saa mbili na nusu mtachukua. Ila kaseti yenyewe ni mgonjwa mahututi. Unga wa utepe wake unabanduka. Nikiupitisha mara moja utaimba. Mara ya pili, siweki mkono kwenye moto. Niacheni niujaribu, nirekodi hapa hapa, niwape kwenye simu. Kazi imekwisha!"

Lilikuwa wazo la busara. Nilimtazama profesa, na jibu nilikuwa nalo tayari. "Hapana, mzee. Mwenye sauti asikie kwanza."

"Hata kama humo ndani mna upepo mtupu?"

"Basi asikie upepo wake," akasema profesa.

Fundi akatikisa kichwa. "Wasomi mna kazi."

Sikuwa nimesema jambo moja, kwa sababu nilitumaini halitagongana na ahadi. Ijumaa hiyo hiyo, saa nne kamili, profesa alikuwa atoe mhadhara wake wa kuupokea uprofesa. Ndiyo maana joho lilipunguzwa. Alikuwa ameusubiri miaka kumi na miwili. Kuna wenzake walioshikilia kwamba mtu wa televisheni si msomi, kwamba filamu si vitabu. Ombi lake lilirudishwa mara tatu. Sasa lilikuwa limepita, na baada ya miezi mitatu tu angestaafu. Mhadhara ulikuwa huo mmoja.

Ijumaa saa mbili na nusu tulikuwa kwa fundi, profesa akiwa ameshavaa joho ili kuokoa muda. Mpira ulikuwa haujakaa. Saa tatu kasorobo ukakatika. Fundi akakata mwingine, ulimi nje, akituomba tusimpumulie. Saa tatu na dakika ishirini mashine ikazunguka.

Tukasimama kando ya gari lake, lile linalowaka kwa kubembelezwa. Chuo kilikuwa kulia. Mtaa wa mshonaji ulikuwa kushoto, nusu saa kwa foleni ya asubuhi ile.

"Nipe mimi," nikasema. "Niliyeahidi Jumatatu ni mimi. Wewe nenda ukumbini, nitachukua teksi, nitaicheza mwenyewe mbele yake. Ahadi itakuwa imetimia."

"Yako itakuwa imetimia." Alikuwa ameikumbatia mashine. "Mimi nilisema kwa mkono wangu."

Simu yake ikalia. Mkuu wa kitivo, sauti ilisikika hadi nilipo: mgeni rasmi amefika mapema, ana safari ya ndege, hawezi kungoja hata dakika kumi. Ikishindikana leo, kalenda imejaa hadi mwaka ujao wa masomo.

"Mwaka ujao nitakuwa nimestaafu, Mkuu."

"Ndiyo nakuambia, Profesa!"

Alikata, akapiga namba nyingine. Dada yake mkubwa, aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua vya maneno kama anavyotania mwenyewe, yaani kwa kubembeleza walimu wakuu, alikuwa ameshakaa mstari wa mbele.

"Dada, nikikuambia siji, utanisamehe?"

"Huji wapi? Kwenye mhadhara wako? Unaumwa?"

"Kuna mtu nilimwahidi kitu zamani, anaondoka saa tano na nusu."

"Mdogo wangu, nimevaa viatu vinavyoniuma kwa ajili yako. Nivue?"

"Vua, dada."

"Haya nimevua. Nenda. Huku nitawaambia watu wanywe chai, maana chai imeshapikwa."

Profesa akafuta macho kwa mkono wa joho. "Endesha wewe," akaniambia. "Mimi sioni vizuri."

Tulipoingia ule mtaa, joho jekundu likitangulia na mimi nyuma na mashine, mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo aliita ndani: "Jamani, jaji amekuja! Nani ameshtakiwa?" Watu wakatoka milangoni. Profesa akawapungia mkono. "Mimi ndiye mshtakiwa," akasema, nao wakacheka bila kuelewa.

Mshonaji alitufungulia. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye pindo la joho, ufundi haumtoki mtu, kisha kwenye mashine, kisha akanishika bega akanibana hadi nikaumia.

Chumba kilikuwa kimefungashwa kwa safari. Masanduku mawili mlangoni, kitanda bila shuka, kikombe kimoja kilichoachwa kwa chai ya mwisho. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa chepesi shingoni, daftari mapajani. Alimtazama profesa muda mrefu. Kisha akaonyesha kidole kwenye meno yake ya mbele, mahali pa mwanya, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Alikuwa amemtambua.

"Shikamoo, dada," profesa akasema, ingawa nadhani walilingana umri. Akapiga goti sakafuni na joho lake lote. "Mahojiano yako yalifutwa. Nilijua tangu mwanzo, nikaogopa kuja. Nimebakiwa na kipande hiki tu, na sijui kina nini. Hakuna aliyekisikia kabla yako."

Mama aliinua mkono: icheze.

Nikaweka simu yangu kando kurekodi, maana huenda tusingepata mara ya pili. Profesa akabonyeza.

Mvumo wa mashine za zamani. Kiti kikakwaruza. Sauti ya mwanamke, kali kidogo: "Kimya, tafadhali. Dakika moja." Niliitambua, ilikuwa ya mwalimu wangu kabla sijamjua. Kisha kimya, kirefu, hadi nikaanza kuhesabu. Simu ikalia. Ikalia tena. "Dada, nimekuomba..." Na hapo ikaja sauti nzito, ya mviringo, yenye kicheko kilichojificha ndani:

"Hospitali hapa, nikuunganishe na nani?"

Mshonaji alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya sanduku.

"Na mama? Mama ndiye mimi. Umeshakula? Kiko chini ya sahani. Siyo hiyo, ile ya bluu. Sasa sikia, siwezi kuongea, kuna watu hapa wamekuja kurekodi kimya. Ee, kimya. Hata mimi nashangaa, mwanangu, na mshahara wanalipwa! Haya. Ukifika nyumbani funga mlango. Nakuja."

Mkono wa simu ukarudi mahali pake. Mtu akacheka kwa mbali, halafu mkanda ukaanza kukwaruza, nami nikaizima mashine haraka.

Mama alikuwa ameweka kiganja kooni, juu ya kitambaa. Mshonaji alikuwa amefumba macho na midomo yake ikitembea: sahani ya bluu, sahani ya bluu. Halafu mama akachukua daftari, akaandika kwa kasi, akamgeuzia binti yake. Binti akasoma, akacheka huku analia. "Anauliza kama nilikula."

Simu ya profesa ikaanza kulia mezani. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Jina la Mkuu likawaka. Profesa hakuinyanyua. Ikalia tena, na tena, hadi mama akakunja uso, akainyooshea kidole, akampa profesa jicho la mtu aliyefanya kazi miaka thelathini bila kuacha simu ikilia.

Profesa akaipokea. "Ndiyo, Mkuu... Naelewa... Wameshaondoka? Basi. Usiombe radhi, kosa si lako. Mwambie dada yangu nakuja kumchukua." Akaiweka mezani kifudifudi. Alitazama sakafu kidogo, akalinyoosha joho gotini kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeaga kitu kizuri.

Kisha akafungua mashine, akaitoa kaseti, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilisema nitakuletea kwa mkono wangu," akasema.

Mama akaipokea. Akaisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akalifikia neno "imeharibika", akaomba kalamu. Akalikata kwa mstari mmoja, akaiweka kaseti ndani ya mkoba wake wa safari, chini kabisa, akafunga zipu.